Maswali Yenu: Amepona sepsisi, mbona mapaja yameisha?

Tangu tulipoandika kuhusu sepsisi kwa wazee, yaani pale kinga inapopambana na maambukizi mpaka ikaumiza mwili wenyewe, barua zilizoingia zinazunguka jambo moja tu, mgonjwa ametoka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, homa hamna, presha imekaa sawa, halafu hawezi hata kujigeuza kitandani. Nimechukua maswali yanayofanana nikayaweka pamoja, mengine nimeyafupisha.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 71, alianza na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, tukajua dawa zitaimaliza, siku ya pili akaanza kuongea vitu havieleweki na presha imeshuka, tukamkimbiza hospitali wakasema ni sepsisi akaingizwa ICU. Namshukuru Mungu ametoka. Shida dokta ameisha, yaani mapaja yake yalikuwa yamejaa sasa nikizungusha mikono yangu miwili vidole vinapitana, ngozi imebaki inaning'inia. Na muda wote alikuwa analishwa kwa mpira wa puani, nilikuwa naona mwenyewe chupa ya maziwa imetundikwa pale. Kaka yangu anasema manesi walikuwa hawamlishi usiku na anataka kwenda kulalamika. Mimi nauliza tu, mtu anaisha vipi hivi wakati anakula? (Mtoto wa kwanza)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, kuuguza mzazi ICU kunachosha mwili na roho. Mwambie kaka atulie kidogo kwanza, maana inawezekana kabisa mama alilishwa kila tone lililoandikwa kwenye faili na bado akaisha vile vile. Hili jambo familia nyingi hazielezwi, zinarudi nyumbani zikiwa na hasira na manesi au zinajilaumu zenyewe miezi mizima.

Iko hivi. Vijidudu vilianza kwenye mkojo, ila kilichomfikisha ICU ni jinsi mwili wenyewe ulivyojibu, kinga iliwaka mwili mzima mpaka ikaanza kuumiza viungo vya mwenyewe. Kinga ikishawaka inamwaga kemikali zinaitwa saitokini, hizo zinafika kwenye ubongo, kwenye ini, kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Tezi zinatoa kotisoli na adrenalini, kongosho linatoa glukagoni, na homoni zote hizo zinadai kitu kimoja, sukari na malighafi, tena sasa hivi. Seli za kinga zinataka glukosi, yaani sukari, na glutamini, moja ya asidi amino, ili zizaliane haraka. Ini nalo linataka asidi amino, vile vipande vinavyojenga protini, kwa wingi, kwa sababu linapunguza kutengeneza albumini, protini inayosaidia kushika maji ndani ya mishipa, linahamia kwenye protini za dharura kama CRP na fibrinojeni. Sasa hizo asidi amino zitatoka wapi? Mafuta yana pa kukaa chini ya ngozi na tumboni, sukari ina akiba yake ndogo kwenye ini na misuli, protini haina stoo ya peke yake. Akiba yake ni msuli wenyewe, hicho ndo kibubu, na sepsisi inakivunja tangu siku ya kwanza.

Ukiingia ndani ya seli ya msuli unakuta kazi inafanyika kwa mpango kabisa. Zile protini zinazofanya msuli ukaze zinabandikwa alama inayoitwa ubikwitini, na yoyote iliyobandikwa inapelekwa kwenye proteasomu kukatwa vipande. Vimeng'enya viwili vinavyobandika hiyo alama, atrojini-1 na MuRF1, vilielezwa mwaka 2001, na kwenye sepsisi vinapanda sana. Wakati huo huo ujenzi wa protini mpya unashushwa, kwa hiyo msuli unabomolewa kwa kasi na haujengwi. Asidi amino zinamwagika kwenye damu, alanini inaenda kwenye ini inageuzwa sukari, glutamini inaenda kwa kinga na utumbo na figo, naitrojeni inayobaki inageuzwa urea inatoka kwa mkojo. Ule mfuko wa mkojo uliokuwa pembeni ya kitanda cha mama, sehemu ya paja lake ilipitia pale.

Hapa ndo pana tofauti kubwa na njaa ya kawaida, na ndo maana kaka anakosea hesabu. Mtu mzima wa afya akikaa siku kadhaa bila kula, mwili unajifunza kubana matumizi, ini linatengeneza ketoni kutoka kwenye mafuta, ubongo unatumia ketoni, msuli unapewa nafuu. Kwenye sepsisi huo ubanaji haushiki. Msuli unaendelea kuliwa hata kama mafuta yapo tele, na ndo maana unaweza kukuta mtu tumbo lake liko vile vile huku miguu imebaki mifupa.

Na chakula je? Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand waliwafuatilia wagonjwa wa sepsisi kali kwa siku 21, wagonjwa wanaolishwa, na bado walipoteza kama asilimia 13 ya protini yote ya mwili. Siku 10 za mwanzo sehemu kubwa ilitoka kwenye misuli. Mwaka 2013 wengine wa London walipima msuli wa mbele wa paja kwa ultrasaundi kwa wagonjwa mahututi 63, siku ya 10 ulikuwa umepungua karibu asilimia 18, na wale ambao viungo vingi vilikuwa vimefeli ndo walioisha zaidi. Walipopima ujenzi wa protini siku ya kwanza wakakuta uko chini kama wa mtu aliyefunga kula, wakati hawa wanalishwa. Yaani chakula kinafika lakini msuli haukipokei.

Sasa ongeza umri juu ya hayo yote. Mwanadamu anaanza kupoteza misuli polepole akishapita miaka 30 au 40 hivi na kasi inaongezeka baada ya 60, kwa hiyo mama aliingia vitani akiba ikiwa imeshapungua. Msuli wa mzee pia ni mgumu wa kusikia, kijana akila protini kidogo msuli wake unajenga, mzee anahitaji nyingi zaidi kwa mlo mmoja ili ujenge kiasi kile kile. Zile seli ndogo za ukarabati zilizokaa pembeni ya nyuzi za msuli zimepungua, mitokondria, yaani vijitambo vya nishati ndani ya seli, zimechoka, homoni za kujenga ziko chini. Na kulala tu kitandani, bila ugonjwa wowote, kunatosha kumharibu: mwaka 2007 wazee wenye afya nzuri walilazwa siku 10 kwa ajili ya utafiti wakapoteza karibu kilo 1 ya misuli ya miguu. Mama alipata vyote kwa pamoja, sepsisi, kitanda na umri.

Kaka ana haki ya kuomba kuona rekodi ya ulishaji, hakuna ubaya, na ni kweli mpira husimamishwa mara nyingi kwa ajili ya vipimo au tumbo likikataa. Aulize kwa utulivu. Ila asiende na hukumu mkononi, maana hata rekodi ikiwa safi kabisa paja lingeisha.

SWALI: Dokta baba yangu hajawahi kuwa na kisukari maisha yake yote, alipolazwa na sepsisi sukari ikapanda wakawa wanamchoma insulini, sasa ndugu wanasema hospitali wamempa kisukari. Ni kweli? (Kijana wa kiume)

JIBU: Hapana, na nafurahi umeuliza kabla maneno hayajaenea zaidi kwenye familia. Zile homoni nilizozitaja juu zinaliagiza ini litoe sukari bila kupumzika, halafu misuli na mafuta vinaacha kuisikia insulini, sukari inabaki inazunguka kwenye damu. Ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Saa ingine na hidrokotisoni, dawa ya jamii ya steroidi ambayo hutolewa presha ikigoma kupanda, inaisukuma sukari juu kidogo, nayo inaweza kuongeza udhaifu wa misuli, ila pale inatolewa kuokoa maisha na mimi siwezi kuwalaumu waliompa.

Insulini pia ni homoni inayozuia msuli kubomolewa, kwa hiyo msuli ukishaacha kuisikia, breki imekatika. Ukiona sukari ya mgonjwa inasumbua kila siku, jua na misuli inasumbuka huko huko.

Kuna ndugu watauliza kwa nini basi wasiishushe mpaka iwe ya kawaida kabisa. Ilijaribiwa. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000, nusu sukari yao ilibanwa sana na nusu ikaachwa chini ya milimoli 10 kwa lita, na waliobanwa sana ndo walikufa zaidi. Tangu hapo wengi wanaanza insulini sukari ikifika milimoli 10 na wanalenga kati ya 8 na 10. Baba apimwe tena baada ya miezi kadhaa akiwa ametulia, wengi inarudi sawa, wachache inagundulika walikuwa na kisukari kilichojificha.

SWALI: Habari dokta, naomba kuelewa. Bibi yetu alipimwa uzito anatoka hospitali, kilo ni zile zile alizoingia nazo, hata zimezidi kidogo, na daktari akasema figo zimerudi vizuri kabisa kreatinini iko chini. Lakini hawezi kukaa bila kuegemezwa. Tunaambiwa ni uvivu wa uzee. Nimechoka kubishana nao. (Mjukuu anayemuuguza)

JIBU: Usichoke, uko sahihi wewe. Hivyo vipimo viwili, uzito na kreatinini, vinadanganya sana kwenye sepsisi, na kwa mzee ndo zaidi.

Fanya hivi leo hii. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi wa bibi, taratibu, hesabu sekunde kadhaa, halafu achia. Kikibaki kishimo, hayo ni maji. Kwenye sepsisi mishipa midogo ya damu inavuja, albumini imeshuka, na mgonjwa anamwagiwa dripu nyingi ili presha ipande, kwenye ule utafiti wa New Zealand walibeba zaidi ya lita 10 za maji ya ziada mwilini. Lita 10 ni kilo 10. Sasa mtu akipoteza kilo kadhaa za nyama na kubeba kilo kadhaa za maji, mzani utasema hajabadilika na kila mtu ataridhika. Wiki mbili tatu baadaye maji yakishatoka ndo familia inashtuka, wanasema amekonda ghafla nyumbani, wakati alikonda kule kule wodini.

Kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, nayo inatengenezwa na misuli. Misuli ikipungua, kreatinini inayozalishwa inapungua, kwa hiyo namba inaweza kuonekana nzuri hata kama figo bado hazijapona sawasawa. Hili lina madhara ya kweli kabisa, dozi za dawa zinapangwa kwa kuangalia hiyo namba. Mwulize daktari wake kwa heshima kama wanaweza kuangalia figo kwa kipimo kisichotegemea misuli, kinaitwa sistatini C, japo nacho huvurugwa na kinga inayowaka mwilini na dawa kama hidrokotisoni kwa hiyo asome mwenyewe kwa makini. Na waangalie urea pamoja na kreatinini, urea ikiwa inapanda huku kreatinini iko chini siku baada ya siku, mara nyingi ni dalili kwamba misuli inabomolewa.

Kinachosema ukweli ni nguvu. Kushika mkono, kukaa, kusimama. Kwa wazee kuna mashine ya kupima nguvu ya kiganja, mwanaume akiwa chini ya kilo 27 na mwanamke chini ya kilo 16 tunaanza kushuku sarkopenia, yaani upungufu wa misuli unaofikia kiwango cha ugonjwa. Kama hakuna mashine, mtu anaombwa ainuke kwenye kiti mara tano bila kutumia mikono, ikizidi sekunde 15 kuna tatizo. Bibi hajafika hata huko, kwa hiyo neno uvivu lifutwe kabisa nyumbani kwenu. Mzee anayeambiwa ni mvivu anaacha kujaribu.

Kitu kingine mwangalie akimeza. Misuli ya koo na diaframu, msuli mkuu wa kupumua, inaisha pia, na kama alikuwa kwenye mashine ya kupumulia diaframu inaisha haraka mno. Akikohoa kila anapokunywa maji au sauti ikawa ya majimaji baada ya kula, msiendelee kumlisha kwa nguvu, mrudisheni apimwe kumeza, la sivyo chakula kitaingia kwenye mapafu na mtarudi kwenye sepsisi ile ile.

SWALI: Doc nina hela kidogo nataka nimnunulie mzee unga wa protini na glutamini zile za watu wa gym, pia kuna mtu ananiambia kuna dripu za asidi amino na sindano za kujenga mwili zinarudisha misuli ndani ya wiki. Mzee bado yuko ICU siku ya nne. Nianze na ipi? (Mtoto anayetaka kusaidia)

JIBU: Usianze na yoyote mdogo wangu. Hela hiyo itunze, itahitajika akitoka, tena sana.

Wazo lako ni lile lile walilokuwa nalo mabingwa miaka mingi. Glutamini inashuka kwenye damu ya mgonjwa mahututi, basi turudishe glutamini. Mwaka 2013 matokeo yakatoka kwa wagonjwa 1,223 ambao viungo vingi vilikuwa vimefeli, waliopewa glutamini nyingi mapema ndo walikufa zaidi. Homoni ya ukuaji nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa mahututi, majibu ya mwaka 1999 yalionyesha vifo karibu maradufu kwa waliochomwa. Na protini yenyewe, mwaka 2023 walilinganisha kiwango kikubwa na cha kawaida kwa wagonjwa walioko kwenye mashine za kupumulia, kikubwa hakikuwatoa hospitali mapema, na kwa wale figo zilizokuwa zimeumia kilionekana kuwadhuru.

Kwa nini iko hivi? Siku za mwanzo mwili unajizalishia nishati yake kwa nguvu na chakula cha nje hakiuzimi huo uzalishaji, ukiongeza juu yake unapata sukari nyingi, mafuta kwenye ini, urea nyingi ambayo figo zilizochoka zinashindwa kuitoa. Na kama mzee alikuwa hajala vizuri siku nyingi kabla, kumlisha kwa kasi kunaweza kuangusha fosfati na potasiamu na magnesiamu kwenye damu mpaka moyo ukashtuka. Ndo maana ICU wanaanza kidogo wanapandisha taratibu, mwongozo wa Ulaya unalenga kufikia kama gramu 1.3 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hatua kwa hatua. Ukiona wameanza na kidogo usidhani wanambania.

Kinachookoa misuli siku ya nne ni kuzima chanzo cha moto. Antibayotiki sahihi mapema, usaha ukiwepo utolewe, mpira uliochafuka ubadilishwe. Kila siku sepsisi inayoendelea ni siku nyingine ya kubomoa, na hakuna unga wa gym unaoshinda hilo. Wewe ulizia hivi: chanzo kimepatikana? kimedhibitiwa? Hayo maswali mawili yana faida kwa mzee kuliko kopo lolote utakalobeba.

SWALI: Mama yangu bado yuko ICU, ni sahihi tumkunje na kumnyoosha miguu au tumuache apumzike? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Mkunjeni na kumnyoosha baada ya kuonyeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia au nesi, taratibu, mkiangalia mipira isichomoke. Mgonjwa akiweza kufumbua macho na kufuata maelekezo, akae, aning'inize miguu, asimamishwe, hata kama ana mashine. Utafiti wa mwaka 2009 wagonjwa walioamshwa na kufanyishwa mazoezi mapema, asilimia 59 walitoka hospitali wakijitegemea, wenzao ni 35. Ila msivuke mipaka, mwaka 2022 wengine walijaribu kuwasukuma wagonjwa zaidi ya kawaida, hakukuwa na faida ya ziada na matukio ya hatari yaliongezeka, mapigo ya moyo kuvurugika, oksijeni kushuka. Presha ikiwa bado inashikiliwa na dawa nyingi, muacheni, miguu itakunjwa kesho.

SWALI: Daktari mwanangu, nina miaka 74, nilipata nimonia ikageuka sepsisi. Niko nyumbani wiki ya tatu. Kula nakula ila si kama zamani, nashiba haraka. Siwezi kuinuka kwenye kiti bila kuvutwa. Watoto wananikataza kutembea wanaogopa nitaanguka, wananiletea kila kitu kitandani. Nataka kujua kama nitarudi nilivyokuwa au hii ndo hali yangu sasa. (Mzee)

JIBU: Shikamoo baba. Nashukuru umeandika mwenyewe.

Sasa hivi ndo wakati wako. Ile dhoruba ya homoni ikishatulia, na kwako inaelekea imetulia kwa sababu uko nyumbani wiki ya tatu sasa, msuli unaanza tena kusikia chakula na mazoezi. Ile protini nyingi niliyomkataza kijana wa hapo juu kwa mgonjwa wa siku ya nne, wewe wiki ya tatu ndo unaihitaji. Familia nyingi zinafanya kinyume, zinahangaika sana siku za ICU ambapo msuli haupokei kitu, halafu mgonjwa akifika nyumbani wanasema apumzike, wanamlaza miezi miwili, na ile nafasi inapotea.

Tuanze na chakula. Mzee anayetoka kwenye ugonjwa mkubwa analenga gramu 1.2 mpaka 1.5 za protini kwa kila kilo, kwa hiyo ukiwa na kilo 60 ni gramu 72 mpaka 90 kwa siku. Ila kama umeambiwa figo zako zina shida ya kudumu, hizo namba usizichukue kwangu, pangiwa na daktari wako. Kwa vipimo vya kawaida yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, nyama au samaki aliyepikwa wa gramu 100 anakaribia 25. Usizilundike zote mlo wa usiku. Msuli wako unataka kama gramu 25 mpaka 30 kwa mkupuo ndo uamke, kwa hiyo asubuhi, mchana na jioni kila mlo uwe nazo, na kwa kuwa unashiba haraka anza na kipande cha protini kabla ya wanga, uji na chai vije baadaye. Hapa ndo ule unga wa protini una kazi, kama chakula kigumu hakishuki koroga kwenye maziwa unywe kidogo kidogo kati ya milo. Mwombe daktari aangalie na vitamini D.

Chakula bila mazoezi kitaenda zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye misuli. Zoezi la kwanza ni lile lile linalokushinda, kuinuka kwenye kiti. Tafuta kiti kigumu chenye mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze, weka mto juu ya kikalio ili kiwe kirefu. Sogea mbele kabisa, rudisha nyayo nyuma kidogo chini ya magoti, inamisha kifua mbele kana kwamba unataka kuokota kitu mbele ya vidole, sukuma kwa mikono, simama, tulia, vuta pumzi. Kisha kaa taratibu, tena hapo kwenye kushuka ndo usikimbilie, ule ushukaji wa pole pole ndo unaofanyisha paja kazi kubwa. Mara chache asubuhi, mara chache jioni, ukizoea unatoa mto, ukizoea tena unaacha mkono mmoja. Mwanao asimame pembeni akiwa tayari kukushika, asikuvute. Kabla ya kusimama kutoka kitandani kaa kwanza ukingoni dakika moja mbili, presha ya mtu aliyelala siku nyingi inashuka ghafla na wengi wanaangukia hapo hapo.

Watoto wako wasome hii sehemu: hofu yenu ni ya upendo naielewa, na kuanguka ni hatari kweli, lakini baba asipotembea ataanguka zaidi. Muondoleeni mikeka na nyaya njiani, mpeni taa usiku, mpeni fimbo au kitembezi, chakula kiliwe mezani siyo kitandani. Kama fiziotherapia inapatikana hata mara moja kwa wiki, mpelekeni.

Kuhusu kurudi ulivyokuwa, baba nitakwambia ukweli. Wengi wanarudi kwenye kujihudumia, kwa miezi siyo wiki, mara nyingi miezi 6 mpaka mwaka. Wengine hawafiki pale walipokuwa. Kuna majaribio kwa panya wenye umri mkubwa waliopona sepsisi, misuli yao ilirudi ukubwa lakini nguvu haikurudi, mitokondria ndani zilikuwa zimeharibika. Kwa hiyo usishangae paja likianza kujaa na bado miguu inachoka upesi, endelea, nguvu inaweza kuchelewa nyuma ya unene. Na ukiona unasahau sahau au umeishiwa hamu ya mambo, mwambie daktari pia, utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 kwa wazee waliopona sepsisi kali ulionyesha matatizo ya kumbukumbu yanaongezeka mno, haina maana kwamba umelogwa wala umedekezwa.

La mwisho, kwa watoto tena. Karibu 4 kati ya kila 10 waliopona sepsisi wanarudishwa hospitali ndani ya siku 90, wengi kwa maambukizi mengine. Mzee anaweza asipate homa kabisa. Akianza kuchanganya maneno, akigoma kula ghafla, akipumua haraka haraka, mkojo ukapungua, au aliyekuwa anainuka jana leo hawezi, mpelekeni usiku huo huo na mkifika semeni mlangoni kwamba aliwahi kuugua sepsisi.